Sawa Haijazi Jaruba

Siku hizi mtu akinijibu "sawa" namwuliza: sawa nini? Umenisikia, umekubali, umeshafanya, au unataka tu niondoke mlangoni pako? Wenzangu wananiona nina kisirani. Waache wanione. Neno hilo lilimpokonya mama yangu shamba, na aliyelipa neno hilo meno ni kaka yangu wa tumbo moja, tulioachiana ziwa.

Kwetu huku Nyanda za Juu mtoto anafundishwa kusema sawa kabla hajajua kusema sitaki. Mkubwa akikutuma, sawa. Fundi cherehani ukimwambia nguo naitaka Ijumaa, sawa, na wewe mwenyewe unajua Ijumaa utakuta kitambaa kiko vilevile ulivyokiacha. Ukimkopesha mtu maneno ya busara ambayo hayataki, atakwambia sawa, atakushukuru, atakwenda zake. Hakuna anayemwita mwongo. Ni adabu tu, ni kumwambia mwenzako kwamba sauti yako imenifikia. Kaka yangu alizaliwa kwenye adabu hiyohiyo, akaila pamoja na ugali, kwa hiyo asiniambie hakujua.

Alikuwa na kampuni ya programu za kompyuta mjini Mbeya, chumba kimoja juu ya duka la pembejeo, kunanuka mbolea kutwa. Nilipomaliza chuo niliajiriwa hapo bila kuulizwa, maana kwetu mdogo haombi kazi kwa kaka yake, anaanza tu kufagia. Sikulalamika. Kazi niliipenda na yeye nilimpenda. Kisha ikaja kazi kutoka shirika moja lenye ofisi Iringa: walitaka kumaliza ugomvi wa maji kwenye skimu moja ya mpunga ng'ambo ya Rujewa. Skimu yenyewe ndiyo ile tuliyokulia. Mama alikuwa na jaruba lake hapo, kipande kimoja tu cha mpunga kilichozungukwa na matuta, karibu na mwisho wa mfereji, na ndilo lililotusomesha sote wawili baada ya baba kufariki.

Maji ya mfereji yanaingia mashambani kwa zamu. Zamani zamu ilikuwa ya mabavu. Mwenye sauti nene alipata kwanza, mjane alipata matone. Mama alikuwa akishinda kwenye banio, pale maji yanapotolewa mtoni, amekalia mpini wa jembe, akimkodolea macho mgawa maji mpaka mzee wa watu aone haya na kumfungulia. Kwa hiyo nisidanganye, wazo la mfumo lilikuwa zuri. Sheria mpya zikatungwa: milango ya mfereji ifungwe kwa kufuli, funguo akae nazo mgawa maji peke yake, na mkulima asimfuate, asubiri meseji. Na aliyepelekewa maji asipopanda, jaruba lake anapewa mwingine, kwa sababu wanaosubiri ardhi ni wengi. Mama alisimama mkutanoni akawaambia wenzake wasiogope, mtambo huu ameuleta mwanangu. Alijivuna, jamani. Alivaa kitenge chake cha Pasaka siku hiyo.

Programu niliiandika mimi. Tulikodi huduma ya foleni kwenye kompyuta za mbali, zile wanazoziita klaudi. Usinune, nitaeleza kidogo tu. Programu moja, zamu ya mtu ikifika, inaweka ujumbe kwenye foleni: jaruba la fulani lifunguliwe. Programu nyingine inauchukua ujumbe huo na kumtumia mgawa maji meseji. Sasa sikiliza hapa, maana ndipo penye kisa. Ujumbe ukichukuliwa kwenye foleni ya namna hii haufutiki. Unafichwa tu kwa muda, ili mwingine asiurukie wakati wewe unaufanyia kazi. Ukimaliza, ni lazima programu yako iseme yenyewe kwamba kazi imekwisha, futa. Isiposema, foleni inachukulia kwamba umekwama njiani, na ujumbe unajitokeza tena, unachukuliwa tena, mpaka kieleweke. Waliobuni kitu hiki walimjua binadamu. Walijua kwamba kupokea ni kimoja na kutenda ni kingine.

Nami niliandika hivyo: ujumbe usifutwe mpaka mwenye jaruba mwenyewe ajibu kutoka shambani kwa neno moja, "yameingia". Asipojibu, mgawa maji akumbushwe. Akikumbushwa sana bila jibu, ujumbe uhamie kwenye foleni ya pembeni, na kule Iringa kwenye kioo cha kompyuta ya wakubwa jaruba hilo liwake rangi nyekundu, ili mtu mwenye akili zake anyanyue simu aulize kuna nini.

Basi, nyekundu zikawa nyingi. Wakulima walikuwa kwenye tope hadi magotini na simu ziko nyumbani zinachajiwa. Maji yaliingia, wao wakasahau kujibu, na mgawa maji akakumbushwa kufungua mlango ambao ameshaufungua. Yule mzee alichoka. Kila meseji aliijibu kwa heshima zote: sawa. Sawa mwanangu. Sawa nimekusikia. Hata ile ya kumkumbusha kitu alichokwisha kukifanya aliijibu sawa, maana hakutaka kumvunjia heshima anayemwandikia, ingawa anayemwandikia ilikuwa mashine. Iringa nao walipiga simu kulalamika. Walikuwa na wageni wanakuja kuangalia kile kioo, na wageni hawapendi nyekundu.

Kaka akanijia mezani asubuhi moja ana furaha. Alisema ameona dawa. Mzee anajibu kila meseji, si ndiyo? Basi programu ikiona neno sawa, ifute ujumbe, kazi imekwisha. Nilimwambia hapana. Nilimwambia sawa ya mzee ni salamu tu, ni kama ukimwambia mtu pole na kazi akakujibu ahsante, haina maana kazi imeisha. Nilimkumbusha fundi wetu wa bati aliyesema sawa masika nzima huku sisi tunalala na mabeseni kitandani. Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akasema maneno ambayo hayajanitoka mpaka leo.

"Mtu mzima akisema sawa, ni sawa. Wewe unataka kumfundisha mzee adabu kwa kompyuta?"

Nikajibu kwamba anayekosa adabu ni anayeweka maneno kwenye kinywa cha mzee. Hapo tukawa tumefika pale ambapo mdogo hatakiwi kufika. Alibadilisha mistari michache mwenyewe, mbele yangu, na mchana ule ule kioo cha Iringa kikageuka kijani kama shamba la chai. Walimpigia kumpongeza. Mimi alinituma Iringa nikakae na wateja, niwafundishe kukisoma kile kioo. Najua alitaka nipoe. Nilikwenda, nikakaa na baridi ya kule na masweta mawili, nikawa naonyesha rangi ya kijani isiyo na maana yoyote kwa watu wazuri wenye vikombe vya chai.

Huku nyuma zamu ya mama ikafika. Miche yake kitaluni ilikuwa imeshafikia kuhamishwa, jaruba ameshalilima, anangoja maji avuruge tope apande. Siku hiyo mgawa maji alikuwa Igawa kwenye msiba wa shemeji yake. Meseji ikamkuta amekaa na wanaume wenzake kwenye mkeka. Akafanya ambavyo ungefanya hata wewe: akajibu sawa, akarudisha simu mfukoni, akaendelea kumsikiliza katekista. Programu ikaona sawa. Ikafuta. Foleni ikasogea, siku ya pili mzee akarudi akafungulia aliyefuata, na hakuna chochote duniani kilichobaki kumkumbusha kwamba kuna mwanamke anasubiri mwisho wa mfereji.

Mama alisubiri. Sheria inasema usimfuate mgawa maji, na yeye ndiye aliyewashawishi wenzake waifuate, angeanzaje kuivunja? Alipoona kimya kimezidi akampigia kaka, kwa sababu mambo ya maji na mashamba ni ya mtoto wa kwanza. Mimi hakunipigia. Kaka akafungua kompyuta, akaona imeandikwa imekamilika, akamwambia mama maji yako yalifunguliwa. Mama akasema hayajafika. Kaka akasema basi kuna mtu ameyakata huko juu, angalia hao wafugaji, ng'ombe wao wanabomoa mfereji kila siku.

Juu ya jaruba la mama kuna familia ya Kisukuma, walihamia huku kwetu Usangu na ng'ombe wao miaka mingi iliyopita, na mke wa pale ndiye rafiki wa mama. Hupandiana mpunga, husaidiana uji wakiugua, hutaniana lugha zao. Mama akaenda kumsomea. Alimwambia mmekunywesha ng'ombe zamu yangu, mnanimaliza. Yule mama alikataa, akamwonyesha mfereji mzima usio na jeraha, mama hakusikia, maana mwanawe ameona kwenye kompyuta. Urafiki ule ukavunjika mchana mmoja. Mpaka mzunguko wa zamu unarudi, miche kitaluni ilikuwa imekomaa, imekuwa ya manjano, haihamishiki tena. Jaruba likabaki halijapandwa.

Habari nilizipata kwa mwanakwaya mwenzake mama tuliyekutana sokoni Iringa. Alinipa pole, nami sikujua ya nini. Nikaomba ruhusa, nikapanda basi. Nyololo tulisimama watu wakanunua mahindi ya kuchoma, mimi sikushuka. Nilipofika nyumbani mama alinikaribisha kama kawaida kwa salamu ya kwetu, kamwene, akaniuliza habari za Iringa, akanipeleka shambani bila mimi kumwomba. Ardhi ilikuwa imepasuka, unaweza kuingiza kiganja kwenye nyufa. Nilikasirika.

Nilikwenda kwa mgawa maji kwanza. Mzee hakuficha kitu. Alisema meseji aliipata, akajibu, akajua wataendelea kumkumbusha kama walivyokuwa wakimsumbua siku zote, na safari hii hawakumkumbusha, akadhani zamu imebadilishwa na wataalamu. Akaniuliza alikosea wapi. Nilimwambia hajakosea, na aliyekosea namjua. Jioni ile nikampigia kaka, nikamweleza yote kwa utaratibu, neno kwa neno, na sikumtukana, ingawa ulimi uliniwasha. Akasema ameelewa. Kesho yake nilipoangalia programu nikakuta ameirudisha vilevile nilivyoiandika mimi: ujumbe haufutwi mpaka mwenye jaruba aseme yameingia. Nikamshukuru Mungu, mjinga mimi. Nikadhani mtu aliyerekebisha kosa amekubali kwamba kosa lilikuwepo.

Mkutano wa skimu ulifanyika kwenye ghala la chama, watu wamekalia magunia. Swali lilikuwa moja tu: mama alipelekewa maji au hakupelekewa? Kama alipelekewa asipande, jaruba si lake tena. Kama hakupelekewa, ni lake, na apewe pole. Mgawa maji aliitwa, akasema hakumbuki kufungua siku ile, alikuwa msibani. Wakamwuliza mbona alijibu sawa. Akarudi kwenye gunia lake. Kisha akasimama yule mama wa Kisukuma, ambaye mama yangu alimtukana mbele ya watoto wake, na hakuna aliyemwita. Alisema yeye yuko juu ya mfereji, maji yangepita kwake, na hayakupita. Akakaa. Mama alifunika uso na khanga.

Mwenyekiti akamgeukia kaka. Kaka alikuwa amekaa mbele pamoja na wageni wa lile shirika la Iringa, shati jeupe, kompyuta magotini. Wageni wale walikuwa wamekuja na habari ya skimu nyingine mbili zinazotaka mfumo huohuo, ofisi nzima ilijua. Akafungua kompyuta, ingawa hakuhitaji kuifungua.

"Kwa mujibu wa mfumo," alisema, "zamu hii ilikamilika."

Mwenyekiti akamwuliza kama mfumo unaweza kukosea. Nilimtazama kaka yangu. Alikuwa na nafasi ya kusema neno lolote. Angeweza kusema unaweza. Angeweza kusema tulibadilisha kitu, tumeshakirudisha. Mama naye alikuwa ameondoa khanga usoni anamtazama, na hakuwa anamtazama kwa hasira, alikuwa anamtazama kama anavyomtazama akisoma somo kanisani.

"Mfumo unaandika kilichotokea," alisema kaka. "Hauna sababu ya kudanganya."

Nilisimama. Nilisema mimi ndiye niliyeuandika mfumo, na kilichoandikwa pale ni kwamba mtu alisema sawa, basi, hakuna zaidi, sawa haijazi jaruba. Nikaeleza foleni, nikaeleza kufuta, nikaeleza ni nani aliyebadilisha na nani aliyerudisha. Nilisema kwa kelele, nakubali. Wageni wa Iringa wakatazamana. Mwenyekiti akaniambia binti, keti, wewe ni mtoto wa mlalamikaji, huwezi kuwa shahidi. Mambo ya nyumbani mkayamalizie nyumbani. Mimi nilikuwa mtoto wa mlalamikaji. Kaka, mtoto wa mlalamikaji huyohuyo, alikuwa mtaalamu. Wanasema damu ni nzito kuliko maji. Siku ile niliona jinsi mtu anavyoweza kuvipima vyote viwili na kuchagua mkataba.

Jaruba wakampa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akisubiri ardhi. Nje ya ghala kaka alimfuata mama. Alimwambia asijali, atamkodishia shamba lingine zuri zaidi, karibu na banio, na kwamba pale ndani kulikuwa na mambo makubwa ambayo yeye mama hawezi kuyaelewa. Alisema mengi. Mama alimsubiri amalize, ndivyo alivyo, hamkati mtu maneno.

"Mwanangu," alisema, "ungesema hujui. Hilo tu. Ungesema hujui."

Mama akamwacha amesimama, akavuka uwanja kwenda kwa yule jirani yake. Sikusikia walichoambiana. Niliona wakishikana mikono miwili, wote wamepiga goti kidogo kama wanavyosalimiana wanawake wakubwa, na jirani ndiye aliyelia.

Mimi niliacha kazi. Niko Iringa, nafanya kazi ya watu, programu za malipo ya ada, hazina maji ndani yake. Kaka amepata zile skimu mbili na ninasikia ameajiri vijana. Tunapokutana kwenye misiba tunasalimiana, anauliza hali yangu, namjibu nzuri. Watu wananiambia nisamehe, kaka ni baba. Namsamehe asubuhi, mchana namkasirikia upya. Shamba alilosema atalikodisha hakulikodisha, na angelikodisha mama asingekanyaga.

Msimu huu nilikwenda nyumbani wakati wa kupandikiza. Mama hakuwepo. Nikaambiwa yuko shambani, nikadhani kwa jirani, nikatembea kufuata mfereji. Nilimkuta kwenye jaruba lake. Yaani lililokuwa lake. Mfanyabiashara ameajiri vibarua, na mama ni mmoja wao, yeye na yule rafiki yake, wameinama bega kwa bega wanapanda mistari, kila mmoja na fungu lake la miche. Niligomba. Nilimwambia mama atoke, ni aibu, akose kazi zote duniani aje kufanya hii, na kama ni shida angeniambia, mimi nipo, sijafa. Wanawake wengine waliacha kupanda wakanitazama. Mama hakunyanyuka. Alimaliza mstari wake mpaka ukingoni, akaosha mikono palepale, akanyoosha mgongo. Alisema udongo huu anaujua kuliko yeyote, wapi unazama na wapi ni mgumu, na hawezi kuuangalia unapandwa vibaya.

Kisha akatazama chini. Maji yalikuwa yamemfika nusu ya muundi, mazito, matulivu, yamesambaa sawia hadi kwenye pembe zote nne za jaruba.

"Ona yalivyokuja kwa wakati," alisema mama. "Mwambie kaka yako mfumo wake sasa unafanya kazi."